Njaa mwana malegeza: chakula kinachomtosha mchapakazi na mwanamichezo



Katika familia zetu nyingi hapa Marekani kuna angalau mtu mmoja ambaye mwili wake haupumziki. Ni baba anayesimama muda wa saa kumi kwa siku katika kiwanda cha nyama. Ni mama anayetembea usiku kucha ndani ya ghala akipanga maboksi. Ni kijana wa sekondari anayecheza soka au kukimbia mbio za nyika kila siku baada ya masomo.

Watu hawa hulalamika mambo yanayofanana: uchovu usioisha, kizunguzungu, miguu mizito, hasira za haraka, kusinzia darasani au kwenye basi. Nyumbani tunatafuta sababu. Mmoja anasema ni baridi, mwingine anasema ni uvivu, mwingine anasema mtoto atolewe kwenye timu kwa kuwa michezo inammaliza. Huenda ni ugonjwa, na hilo ni la daktari kusema. Lakini kuna sababu moja ambayo husahauliwa kwa kuwa ni nyepesi mno: mtu huyo hali chakula kinacholingana na kazi ya mwili wake.

Wazee walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwili wenye njaa hulegea hata kama mwenyewe hasikii njaa. Makala haya yanaeleza mtu mwenye shughuli nyingi anahitaji chakula kiasi gani, ale saa ngapi, na jinsi vyakula tulivyovizoea vinavyoweza kufanya kazi hiyo bila gharama kubwa.

Mazoea tuliyokuja nayo

Wengi wetu tulipitia kambini kabla ya kufika hapa. Mgao wa chakula katika kambi za wakimbizi hupangwa kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kutoka kwenye chakula. Kipimo hicho ni wastani wa watu wote, kuanzia mtoto mdogo hadi mzee, na kimewekwa kwa watu wenye shughuli nyepesi. Waliokaa Nyarugusu au Kakuma wanajua pia kwamba mara nyingi mgao ulipunguzwa ukawa chini ya hapo.

Katika hali hiyo watu walijifunza kula mara moja kwa siku, jioni, familia ikiwa pamoja. Asubuhi ilikuwa chai tu, au hakuna kitu. Mazoea hayo yalituvusha, na hakuna aibu ndani yake. Shida ni kwamba tumeyabeba hadi kwenye maisha ambayo mwili unafanya kazi kubwa kuliko zamani. Mlo mmoja wa jioni hauwezi kubeba zamu ya usiku wala mazoezi ya saa mbili.

Tofauti ni kubwa kiasi gani?

Mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani wa mwaka 2020 hadi 2025 unatoa makadirio haya kwa siku. Mvulana wa miaka 16 hadi 18 ambaye hafanyi mazoezi anahitaji kalori kama 2,400. Mwenye shughuli nyingi anahitaji 3,200. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji 1,800 akiwa hafanyi mazoezi, na 2,400 akiwa na shughuli nyingi. Mwanamume wa miaka 30 anatoka 2,400 kwenda 3,000. Mwanamke wa miaka 31 hadi 50 anatoka 1,800 kwenda 2,200.

Katika mwongozo huo, mwenye shughuli nyingi ni mtu anayetembea kwa haraka zaidi ya maili 3 kwa siku, mbali na kazi zake za kawaida za nyumbani. Kijana anayekimbia maili 5 na kuinua vyuma, au mfanyakazi anayebeba mizigo zamu nzima, anaweza kuhitaji zaidi ya hapo.

Kwa yule mvulana, pengo ni kalori 800. Tulitafsiri kwa chakula cha jikoni. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kalori kama 200, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 230, kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia 120, glasi ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta 150, na ndizi mbivu moja kama 100. Ukijumlisha unapata 800. Yaani mtoto wa michezo anahitaji sahani moja kamili zaidi ya ile anayokula ndugu yake anayekaa nyumbani. Kuongeza kijiko kimoja cha mboga hakuzibi pengo hilo.

Hakuna haja ya kuhesabu kalori kila siku. Inatosha kukumbuka kwamba pengo ni sahani nzima, si tonge moja.

Siku ya mwanafunzi inavyokwenda

Ili kuona njaa inaingilia wapi, fuata siku ya mwanafunzi wa sekondari. Anaamka saa kumi na mbili asubuhi (6:00), anakimbilia basi bila kula. Shule nyingi hutoa chakula cha mchana mapema, wengine saa tano kamili (11:00). Masomo yanaisha saa tisa (3:00), mazoezi yanaanza na kuendelea hadi saa kumi na moja na nusu (5:30). Anafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni (6:30), na chakula kinaiva saa moja usiku (7:00).

Kutoka saa tano ya mchana hadi saa moja usiku ni muda wa saa nane bila chakula, na katikati yake amekimbia zaidi ya saa mbili. Kama mchana alikula nusu ya sahani kwa sababu hakupenda chakula cha shule, basi amekimbia tumbo tupu. Na kama hakunywa hata chai asubuhi, hakuna ajabu akianguka uwanjani.

Marekebisho yako kwenye saa nne za siku hiyo.

Asubuhi: asiondoke bila kitu. Uji wa maziwa, mayai mawili na mkate, au chapati ya jana na chai ya maziwa. Kama hakuna muda, shule nyingi hutoa kifungua kinywa kabla ya darasa la kwanza.

Mchana: ale sahani yote ya shule pamoja na maziwa na tunda. Kama familia haili nyama ya nguruwe, au mtoto ana mzio wa chakula fulani, wajulisheni wahudumu wa chumba cha kulia au ofisi ya shule mapema, muombe mbadala. Mtoto mwenye haya atanyamaza na kubaki na njaa, kwa hiyo mzazi ndiye aulize.

Kabla ya mazoezi: hapa ndipo wengi wanakosa. Chakula kizito kinataka muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kukimbia, lakini kitafunio kidogo kinaweza kuliwa nusu saa au saa moja kabla. Mwekee kwenye begi ndizi, mandazi mawili, kiazi kitamu cha kuchemsha, au mkate wenye siagi ya karanga. Uliza kwanza, kwa maana shule nyingine zimekataza karanga kwa sababu ya watoto wenye mzio.

Baada ya mazoezi: mwili unajijenga upya saa hizo. Chakula cha jioni kikichelewa, anywe glasi ya maziwa na kula kipande cha mkate au wali uliobaki mara tu anapoingia ndani. Kisha ale mlo kamili na familia.

Dalili ambazo mzazi asizipuuze

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali inayowapata wanamichezo ambao hawali chakula kinacholingana na mazoezi yao. Mwili ukikosa nguvu za kutosha huanza kubana matumizi kama familia inayobana pesa. Unapunguza kazi ambazo si za dharura: kujenga mifupa, kupambana na magonjwa, kukua, na kwa wasichana, hedhi. Hali hii huwapata wavulana na wasichana, na humpata hata mtu ambaye haonekani mwembamba.

Angalia mambo haya: mtoto anachoka kuliko wenzake na kasi yake inashuka ingawa anafanya mazoezi, anapata mafua mara kwa mara, anaumia mifupa ya mguu, anapona, kisha anaumia tena, anasikia baridi wakati wote, hasira na huzuni zimeongezeka, hakui wala haongezeki uzito kwa umri wake.

Kwa msichana kuna dalili moja kubwa. Kama hedhi ilikuwa imeanza na sasa imekatika kwa miezi mitatu, au amefika miaka 15 na bado haijaanza, mpelekeni kwa daktari. Baadhi ya wasichana wa timu huambiana kwamba kukosa siku zao ni alama ya kuwa na mazoezi mazuri. Si kweli. Ni alama kwamba mwili umezima taa ili kuokoa umeme, na mifupa inaweza kudhoofika kwa miaka mingi baadaye. Kama mama anaona ni vigumu kuzungumza na binti yake jambo hili, shangazi au dada mkubwa anaweza kulianzisha.

Msichana mwenye uchovu anaweza pia kuwa na upungufu wa damu. Maini, nyama, dagaa, maharagwe na mboga za majani vina madini ya chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya madini hayo kuingia mwilini, kwa hiyo inyweni saa moja au zaidi baada ya kula. Limau, chungwa au nyanya pamoja na maharagwe husaidia madini kuingia. Vidonge vya madini ya chuma visitumike kabla ya kupima damu.

Katika majimbo mengi mtoto hawezi kuingia timu ya shule bila fomu iliyojazwa na daktari. Itumieni nafasi hiyo kuuliza kuhusu uzito, damu na hedhi. Mna haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo yake mwenyewe.

Ugali si chakula cha nyuma

Vijana wengine wanaona haya kula chakula cha nyumbani, wakidhani mwanamichezo wa kweli anakula nyama tupu na unga wa protini wa kwenye kopo. Waambieni habari za wakimbiaji wa Kenya. Watafiti waliopima chakula cha wakimbiaji wa Kikalenjin kambini kwao, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta kwamba kama robo tatu ya nguvu zao ilitoka kwenye vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, mkate, uji, na sukari ya kwenye chai ya maziwa. Maharagwe na kabichi vilikuwepo kila mara, na nyama ilikuwa kidogo. Hao ni miongoni mwa wakimbiaji bora duniani.

Wanga ndio kuni za mwili unaokimbia au kubeba. Protini hujenga misuli: yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharagwe gramu kama 15. Kwa hiyo ugali, au bugali kama wengine tunavyouita, ukiwa na maharagwe, dagaa au samaki na lengalenga au sombe, ni chakula kamili cha mwanamichezo. Kinachokosekana mara nyingi ni wingi wake na saa zake.

Mambo machache ya dukani na jikoni:

Unga wa ugali utafuteni kama unga mweupe wa mahindi. Unga wa mahindi wa kutengenezea chapati za Kimeksiko umepikwa kwa chokaa, na ugali wake una ladha nyingine. Ule unga laini mweupe wa kukoleza mchuzi ni wanga mtupu na haufai kwa ugali.

Kama mtu hawezi kula sahani kubwa, ongezeni nguvu ndani ya chakula kile kile. Pikeni uji kwa maziwa badala ya maji, tieni kijiko cha siagi ya karanga, ongezeni kijiko cha mafuta kwenye maharagwe, kateni parachichi kando ya sahani.

Unga wa protini si lazima na ni ghali. Serikali haiuidhinishi kabla ya kuuzwa, kwa hiyo lebo inaweza kusema jambo moja na ndani kukawa na jingine. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini visipewe watoto. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimesema wazi kwamba havifai kwa watoto na vijana. Havina chakula cha maana, vinaficha uchovu tu.

Kazini

Sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima mapumziko ya chakula. Majimbo mengi yana sheria zao zinazolazimisha, na viwanda vingi hutoa nusu saa. Mapumziko mafupi ya dakika 5 hadi 20, yakitolewa, ni lazima yalipwe. Uliza siku ya kwanza: mapumziko ni saa ngapi, na naruhusiwa kula wapi?

Nusu saa inaisha haraka ukipanga foleni ya maikrowevu. Beba chakula cha moto kwenye hotpoti, na chai au uji kwenye chupa ya chai. Wali na maharagwe yaliyobaki jioni ni chakula kizuri cha zamu. Weka pia kitafunio kwenye mfuko wa koti kwa mapumziko mafupi, kama ndizi au karanga, pale sheria za kiwanda zinaporuhusu. Ndani ya vyumba vya baridi vya nyama mtu hasikii kiu, lakini bado anapoteza maji. Mkojo wa rangi nzito unakuambia unywe.

Wa zamu ya usiku wale mlo kamili kabla ya kutoka, mlo mdogo katikati ya zamu, na kitu chepesi asubuhi kabla ya kulala. Mtu anayelala na njaa mchana hapumziki vizuri.

Nani anapakuliwa kwanza?

Hili tuliseme kwa heshima. Katika nyumba nyingi baba hupakuliwa kwanza na kipande kikubwa cha nyama, wavulana wanafuata, wasichana na mama wanakula kinachobaki. Kama binti anakimbia maili 4 kila siku na mama anafanya zamu ya usiku, hao ndio wanaodhoofika kimya kimya. Heshima ya baba haipungui kwa sufuria kugawanywa kulingana na kazi ya mwili. Mzee mwenyewe akisema, "Mwongezeeni mwanangu, ana mbio kesho," jambo hilo limekwisha.

Wanaofunga

Wakati wa Ramadhani, anayefanya kazi nzito au michezo asiruke daku. Mayai, maharagwe, uji wa maziwa na matunda hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai na mkate mweupe. Mjulisheni kocha mapema. Mwanafunzi anaweza kuomba mazoezi mepesi au yasogezwe karibu na futari. Wakristo wanaofunga kwa maombi siku kadhaa nao wapange siku hizo mbali na mechi na zamu ngumu. Akisikia kizunguzungu kikali karibu na mashine, mtu asimame na kutoa taarifa.

Chakula kipatikane vipi?

Chakula cha shule: jazeni fomu ya chakula cha bure au cha bei nafuu kila mwaka. Kinachoangaliwa ni kipato na ukubwa wa familia, na hali ya uhamiaji haiulizwi. Shule nyingi za maeneo ya kipato kidogo huwalisha watoto wote bure, na majimbo kama California, Colorado, Maine, Michigan na Minnesota hufanya hivyo kwa shule za umma. Ulizeni pia kama kuna chakula cha baada ya masomo na cha likizo ya kiangazi.

WIC: ni kwa mama mjamzito, aliyejifungua au anayenyonyesha, na watoto walio chini ya miaka 5. Hutoa maziwa, mayai, maharagwe na vyakula vingine.

SNAP: sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilibadilisha masharti, na wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani waliondolewa kwenye orodha ya wanaostahili. Aliyekwisha kuipata aulize upya. Msiache kuomba wala msijaze fomu kwa kubahatisha. Zungumzeni kwanza na mhudumu wa kesi yenu.

Benki za chakula: nyingi hazidai karatasi nyingi. Ombeni maharagwe makavu, mchele, siagi ya karanga na samaki wa kopo.

Angalizo: mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo asibadilishe mlo wake kwa kufuata makala haya kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Wiki hii anzeni na mambo matatu. Mwulizeni kila mtoto wa michezo alikula nini tangu asubuhi na saa ngapi. Wekeni kitafunio kimoja kwenye begi lake na kimoja kwenye begi la anayekwenda zamu. Ongezeni sahani moja kwa siku kwa kila mwenye kazi nzito, kwa wiki mbili. Nguvu zikirudi, mmejua tatizo lilikuwa wapi. Zisiporudi, pigeni simu kliniki, na mweleze daktari yote mliyoyaona.